Mkono Uliofunga na Kufungua

Ungepita Kitengela mwaka wa tisini na moja, kabla nyumba hazijabanana, ungemkuta Kitonga mwana wa Mbeke ameketi juu ya gurudumu kuukuu kando ya barabara ya Namanga, msharasi wa kutobolea ngozi mkononi, uzi wa nailoni mdomoni. Alikuwa ametoka Mwala kutafuta kazi ya kiwanda, akaikosa, na badala ya kurudi nyumbani mikono mitupu akaanza kushona alichokikuta. Alichokikuta ni punda. Maji ya mji yote yaliletwa na mikokoteni ya punda, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuwashonea mikanda. Wenyewe waliwafunga kwa kamba za katani tu, na punda hakuna asiyekuwa na kidonda.

Masomo yake hayakuwa mengi, darasa la nne na nusu hivi, lakini ngozi alikuwa anaisoma.

"Kamba nyembamba iko na meno," aliwaambia wenye mikokoteni. "Mzigo ni ule ule. Mpatie mkanda wa vidole vinne, atavuta na hatajua kama amevuta."

Wakamcheka. Kisha wakajaribu. Kisha wakarudi na punda waliobaki.

Wenye ng'ombe nao wakaanza kusimama kwake, wakitoka mnadani. "Sopa, fundi," wanamsalimu kwa lugha yao, halafu wanaketi chini kama watu wasio na haraka duniani. Hao walitaka kitu kingine: ukanda mwembamba wa ngozi mbichi, wa kumfunga ng'ombe shingoni anapotolewa damu. Kitonga akawatengenezea, na mara nyingi akaalikwa boma kuona kazi ya mikono yake. Ukanda unakazwa shingoni mpaka mshipa unasimama mnene kama kidole gumba. Mshale butu unapigwa, damu inaruka ndani ya kibuyu. Ikitosha, ukanda unalegezwa, na damu inakoma yenyewe. Wanapaka kinyesi kidogo pale, ng'ombe anarudi kwa majani yake.

Ukilegeza, damu inakoma. Jambo hilo Kitonga aliliona kwa macho yake mara ishirini au zaidi, likakaa ndani yake pamoja na yale mambo ambayo mtu hayafikirii tena.

Ndugu yake Mulei alimfuata Kitengela mwaka wa tisini na nne. Walitofautiana miaka sita. Kitonga alikuwa mtu wa maneno machache. Mulei alikuwa na maneno ya wote wawili. Alipata kazi kwenye machimbo ya mawe upande wa Isinya, akawa mchonga mawe, na jioni alikuwa akija kwa Kitonga amejaa vumbi jeupe kichwani, anamwambia shemeji yake Nzilani, mke wa Kitonga, "Mama Ndolo, niangalie vizuri. Nimezeeka leo asubuhi." Nzilani alikuwa anashona nguo katika kiwanda kimoja cha nguo za ng'ambo. Alikuwa anachoka sana, lakini Mulei alikuwa anamchekesha.

Halafu ikaja ile mvua ya El Nino, mwisho wa tisini na saba. Udongo mweusi wa kule ulilowa ukawa kama uji. Jumapili moja asubuhi Kitonga alitembea mpaka machimbo kumwambia Mulei kwamba mama yao ametuma salamu. Alipofika karibu alimwona mtu akikimbia kuelekea barabarani, kibarua mmoja aliyeanza kazi wiki ile, hata jina lake halijulikani vizuri. Alikuwa anapiga kelele kwamba anatafuta gari.

Kitonga akashuka shimoni. Mulei alikuwa chini, amelala ubavu, macho yamegeuka meupe. Jiwe lililokwisha kuchongwa lilikuwa limeteleza kwenye matope, na ukingo wake umemkata nyuma ya goti. Jiwe jipya lina makali kushinda panga.

Mfukoni Kitonga alikuwa na ukanda mmoja wa ngozi, wa mwenye ng'ombe aliyekuwa ameahidiwa. Akautoa. Akaufunga pajani juu ya kidonda, vile vile alivyoona ukifungwa shingoni mwa ng'ombe, akakaza mpaka ukashika. Damu ikaongezeka. Ilikuwa inatiririka nyeusi, kwa haraka kuliko kwanza, kama mtu amefungua mfereji. Kitonga akaona amekosea. Na kichwa chake, katika woga ule, kikampa jibu moja tu, lile alilokuwa nalo tangu zamani: legeza.

Akalegeza.

Sasa ikaja nyekundu, ikiruka na kuacha, ikiruka na kuacha. Mulei akatoa sauti ndogo. Kitonga akauvuta tena ule ukanda, akaweka goti lake juu ya paja la ndugu yake, akavuta kwa nguvu zote alizopewa na Mungu mpaka ukazama ndani ya nyama usionekane. Damu ikasimama. Akapiga mafundo matatu. Akambeba mgongoni mpaka barabarani.

Kibarua alikuwa amesimamisha pikapu iliyobeba mbuzi kwenda Kajiado. Wakamlaza Mulei katikati ya mbuzi. Kibarua alibaki pale pale, na baada ya siku hiyo hakuna aliyemwona tena. Watu walisema amerudi kwao. Pikapu ilizama kwenye matope mara mbili. Ilikuwa saa nne asubuhi walipoondoka. Waliingia hospitali ya Kajiado saa kumi. Muda wote huo Kitonga hakuugusa ule ukanda tena. Aliuangalia tu. Mguu ulianza kuwa wa rangi ya jivu, na yeye akauangalia.

Aliyewapokea ni mganga mmoja wa makamo, Mbukusu, jina lake Nalianya. Alikata mafundo yale kwa makasi, akauliza bila kuinua kichwa:

"Nani amemfunga huyu?"

"Nilimkuta hivyo, daktari," Kitonga akasema.

Neno lilitoka kabla yeye mwenyewe hajalisikia.

"Saa ngapi?"

"Sijui."

Jioni ile mguu ulikatwa juu ya goti. Uhai ukabaki.

Mama yao Mbeke alikuja kutoka Mwala na kibuyu cha uji, akakaa kwenye kiti cha mbao siku nne. Aliuliza swali lile lile, na Kitonga akajibu, "Nadhani ni yule kibarua, mwaitu." Uongo wa kwanza ulikuwa wa woga. Huu wa pili ulikuwa wa kuulinda wa kwanza, na ndio uliokaa.

Mulei alipopata nguvu ya kuongea alimwambia ndugu yake kitu ambacho Kitonga alikibeba kwa miaka saba. Walikuwa wawili tu kando ya kitanda.

"Mwanaa-mwaitu, mtoto wa mama yangu, mimi sikuwa nimezimika kabisa. Macho ndiyo yalikuwa giza. Lakini mkono niliusikia. Ulinifunga. Halafu ukanifungua. Halafu ukanifunga tena. Huyo kibarua nikimpata, nitampa mkono, kwa sababu niko hai. Halafu nitamuuliza kitu kimoja tu. Kwa nini alifungua?"

Kitonga akamrekebishia blanketi.

Basi maisha yakaendelea, maana hayajui kungoja. Mulei alipata magongo, akapata na kazi ya kukaa: vitunguu. Magunia yalikuja na malori kutoka Kimana, naye akawa anauza kwa mafungu kando ya barabara, hatua kumi kutoka kwa gurudumu la Kitonga. Maneno yake hayakukatwa pamoja na mguu. Akina mama walikuwa wanakuja kwake hata kama wana vitunguu nyumbani. Lakini kila lori la mawe liliposimama pale, alikuwa anamwita dereva: "Boss, hamjui kibarua mmoja alikuwa kule shimo ya Isinya wakati wa El Nino? Mtu mfupi hivi?" Na kila mara Kitonga alikuwa anainamisha kichwa, anatafuta sindano ambayo haijapotea.

Aliacha kutengeneza kanda za kutoa damu. Wenye ng'ombe waliuliza, akasema macho yanamsumbua. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Kitonga hakuwa anashtuka, alikuwa tu hawezi kuushika ukanda mwembamba bila kuusikia ukizama. Na kilichomla zaidi si kwamba hakujua. Ni kwamba alijua. Miaka sita alikuwa anawaambia watu kamba nyembamba iko na meno. Alijua hilo kwa punda. Kwa mtoto wa mama yake akasahau.

Mwaka wa tisini na tisa mtu mmoja alileta begi lililokatika mshipi. Kitonga akainua macho, akaona ni Nalianya. Kumbe alikuwa amepanga nyumba Kitengela, anakwenda Kajiado asubuhi na kurudi jioni.

"Fundi, nakukumbuka," Nalianya akasema. Akageuka akamwona Mulei na magongo yake kule kwenye vitunguu, akicheka na mteja. "Na huyo namkumbuka zaidi. Anaendeleaje?"

"Anaongea."

"Hiyo ni dawa."

Kitonga alishona begi polepole kuliko begi linavyotaka. Mwishowe akauliza, macho yakiwa kwenye sindano, "Daktari, hebu niambie. Mtu akikatwa namna ile, anatakiwa afungwe aje?"

Nalianya alivuta gunia akaketi. Alimwambia hivi: damu iko na njia mbili. Kuna mshipa unaopeleka, umejificha ndani karibu na mfupa, na kuna inayorudisha, iko juu juu. Ukifunga kidogo, umeziba ya kurudi tu. Ya kupeleka bado inapeleka, na damu yote inatafuta pale palipo wazi. Kwa hiyo ukifunga nusu, umeongeza kumwagika.

"Kama ng'ombe shingoni," Kitonga akasema.

"Hiyo yenu ya ng'ombe siijui. Lakini ndiyo, inafanana." Nalianya akaendelea. Lazima ukaze mpaka mshipa wa kupeleka unyamaze kabisa. Na ukitumia kamba nyembamba, kabla haijaufikia itakuwa imeshasaga nyama na mishipa ya fahamu. Kitu kipana kinafika huko na nguvu kidogo. "Na ukishafunga usifungue. Mwenye kufungua ni hospitali. Na mwandikie saa, kwa sababu mguu uliofungwa ni kama mtu chini ya maji. Tunataka kujua amezama lini."

Kitonga akakata uzi kwa meno. Nalianya hakumwuliza kitu. Lakini aliposimama kuondoka alimshika bega, akasema, "Ule ukanda ulimwacha hai, fundi. Hayo mengine hakuna anayeweza kukuapia. Kidonda kilikuwa kibaya tangu mwanzo." Kitonga akaelewa kwamba mganga ameelewa.

Tangu wiki ile akaanza kutengeneza mshipi. Hakumwambia mtu ni wa nini. Wa kwanza ulikuwa mpira wa tairi la ndani, uliochanwa. Alijifunga pajani mwenyewe, akavuta. Mpira ukajikunja kingo zake ukawa kamba, ukamwacha na alama nyekundu. Akautupa. Wa pili alitumia mkanda wa tumbo la punda, wenye chuma na matundu. Tundu la nne ulilegea, tundu la tano haukufika. Mguu wa mtu hauishi kwenye matundu. Tena ngozi ikilowa inanyooka, na mahali pa damu ni mahali pa kulowa.

Akarudi kwenye kile anachokijua. Mzigo wa punda ukilegea njiani, mtu hafungui kamba. Anaingiza kijiti, anasokota mizunguko miwili, na mzigo unashika. Mtoto anaweza kukaza mzigo wa mtu mzima kwa kijiti. Basi Kitonga akatafuta utepe mpana wa turubai, vidole vitatu na nusu, akaweka kijiti cha mzeituni mwitu juu yake. Akajifunga, akasokota mara tatu. Mguu ukafa ganzi, vidole vikawa baridi. Alifurahi akakiachilia kijiti, kikageuka kwa nguvu kama mlango wenye upepo, kikampiga kidevuni.

"Hiyo ni nini, unapigana na suruali?" Mulei akamwuliza kutoka kwenye vitunguu.

"Fanya kazi yako."

"Nafanya. Lakini yako iko na mchezo kuliko yangu."

Akashona kitanzi kando, cha kukifunga kijiti kisirudi nyuma. Bado kulikuwa na taabu moja: kila alipokisokota, turubai lilijikunja pamoja na ngozi ya paja, likaifinya mpaka machozi. Huo mkunjo ulimshinda miezi mitatu. Aliyeukunjua ni Nzilani. Jumamosi moja alikuwa anapika, akamwona mumewe amekaa na kaptula, anajifinya.

"Baba Ndolo, lete hicho kitu." Akakigeuza geuza. "Nyinyi wanaume hamjawahi kuvaa nguo au aje? Kamba ya kiuno ya suruali ya kulalia inazunguka wapi?"

"Ndani ya upindo."

"Na upindo unazunguka?"

Kitonga akafikiri. "Unakaa tu."

"Sasa basi."

Akamshonea mfuko mrefu mwembamba wa kitambaa laini, wa kulala juu ya ngozi bila kusonga, na ndani yake akapitisha utepe mwingine mgumu. Kijiti kilivuta ule wa ndani peke yake. Mfuko wa nje ulitulia kama kiganja cha mtu. Nalianya alipopita jioni moja alivua kiatu, akaketi juu ya gurudumu, akafungwa. Akaweka vidole juu ya unyayo wake mwenyewe, pale mshipa unapopiga. Kitonga akasokota. "Unapiga," Nalianya akasema. "Unapiga. Unapiga kidogo." Kitonga akaongeza mzunguko. "Umeenda." Kisha: "Shona kipande cheupe hapa, cha kuandika saa. Na uandike asubuhi au jioni, usinisumbue."

Mishipi ile Kitonga alishona kumi na miwili katika miaka ile, kwa vipande vilivyobaki kiwandani ambavyo Nzilani aliruhusiwa kuchukua. Alikwenda nayo machimboni kwa miguu, akaingia kila shimo, akawafundisha wachonga mawe mpaka wakamchoka. Akawapa na watu wa kichinjio kimoja pale mjini mshipi mmoja. Walimcheka, mmoja aliuliza kama ni wa kufunga fahali. Lakini wakautundika kwenye msumari karibu na mlango.

Mwaka wa elfu mbili na nne, mwezi wa Agosti, kisu kilimponyoka mchinjaji mmoja anayeitwa Wakhungu kikamwingia mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, upande wa ndani. Mwenzake aliuvuta mshipi kutoka kwenye msumari. Alisokota, akaingiza kijiti kwenye kitanzi, akaandika "saa mbili na robo asubuhi" kwa kalamu ya kuandikia uzito wa nyama. Kitonga hayo hakuyaona. Aliyasikia baada ya wiki tano, Wakhungu mwenyewe alipokuja barabarani, mkono umefungwa kitambaa shingoni, na jogoo mwekundu chini ya kwapa la mkono mzima.

"Nimeambiwa mshonaji ni wewe," Wakhungu akasema. "Kwetu mtu haji kusema asante na mdomo tu." Akampa jogoo. Kisha akatoa vidole vya ule mkono mbaya nje ya kitambaa, akavikunja na kuvikunjua, kimoja kimoja, taratibu, kwa ajili ya Kitonga. "Huyu mdogo bado ni mvivu. Wengine wamerudi kazini."

Kitonga alivitazama vile vidole. Akamshikilia jogoo kama mtu aliyepewa mtoto wa wageni.

Wakhungu alipoondoka, Mulei alikuja na magongo yake, akaketi kwenye gurudumu. Alimpapasa jogoo mgongoni.

"Sasa ndio nimeelewa hiyo mchezo yako ya miaka yote," akasema. "Kumbe ulikuwa unafanya kwa sababu yangu." Akaangalia barabara. "Huyu mtu ana bahati. Amejua aliyemfunga, amejua aliyeshona. Mimi yule wangu nikimpata hata nitamletea jogoo wawili. Ajibu tu kile kitu. Unajua nikilala bado nausikia ule mkono? Kufunga naelewa. Kufungua ndio sielewi. Nafikiria labda alikuwa ameamua niende. Labda aliniona kazi bure."

Kwa miaka saba Kitonga alikuwa anadhani anaogopa kulaumiwa. Kumbe ndugu yake alikuwa analala na jambo baya kuliko lawama: kwamba kuna mtu alimshika, akamtazama, akaona hafai kuokolewa. Na dawa ya hilo alikuwa nayo Kitonga, mdomoni.

"Hukuwa kazi bure," akasema.

"Wewe utajuaje?"

"Ni mimi."

Mulei hakugeuka. Lori la vitunguu lilipita, halikusimama.

"Ni mimi nilikufunga," Kitonga akasema. "Kibarua alikuwa ameenda kutafuta gari. Nilikuwa na ukanda wa ng'ombe. Nilifunga vile wanafunga ng'ombe, damu ikazidi. Na kwa ng'ombe, ukilegeza, damu inakoma. Nilikuwa nimeona mara nyingi, Mulei. Kwa hiyo nililegeza. Nilifungua ndio ikome. Sikuwa nataka uende. Halafu nikafunga na ile kamba nyembamba, na mimi ndio mtu wa kuambia watu kamba nyembamba ni mbaya. Nikaacha masaa sita. Nikadanganya daktari, nikadanganya mwaitu mpaka akakufa. Nikakuacha unauliza madereva."

Jogoo alijitingisha mikononi mwake. Akamshika vizuri.

Mulei alikaa kimya, na kimya chake kilikuwa kitu kigeni pale barabarani. Mwenye duka la pili alichungulia kuona kama kuna ugonjwa. Mulei akatazama mikono yake, akatazama magongo. Uso wake ukapita mambo mengi, mengine si mazuri. Kuna wakati Kitonga alifikiri atasimama aende asirudi, na angekuwa na haki.

"Miaka saba," Mulei akasema mwishowe.

"Ndiyo."

"Nimesimamisha malori mangapi?"

"Mengi."

"Na wewe uko hapo unatafuta sindano." Akavuta pumzi ndefu. "Mwaitu alikuwa anamwombea yule kibarua kila jioni. Unajua? Kwa jina hakujua, alikuwa anasema 'yule mwenye mkono.'"

Kitonga hakulijua hilo. Aliweka jogoo chini, akaacha mikono ilale magotini.

"Kwa hiyo," Mulei akasema, na sauti yake ilikuwa haijaamua bado iende wapi, "ulinidhania ng'ombe."

"Ndiyo."

"Ng'ombe ya aina gani?"

Kitonga akamtazama. Kwenye jicho la ndugu yake kulikuwa na maji, na chini ya maji kulikuwa na kitu alichokijua tangu wakichunga mbuzi Mwala.

"Ile inaongea sana," akajibu.

Mulei alicheka, kicheko kikakatika katikati kikawa kilio, akajifuta kwa mkono wa shati. Kisha akanyoosha mguu wake mmoja mbele, akavua kiatu, akavua soksi, akapandisha suruali mpaka pajani.

"Nifunge."

"Mulei, wacha."

"Nimesema nifunge. Ule mkono nimeusikia nikiwa giza. Nataka kuuona."

Kitonga alichukua mshipi mpya kwenye boksi. Mguu ule alikuwa hajawahi kuthubutu hata kuuomba. Alikuwa amejaribu kwake, kwa Nzilani, kwa Nalianya, kwa wachonga mawe, lakini si pale. Akapiga magoti kwenye vumbi. Akauzungusha, akauvuta ukae sawa, akashika kijiti. Mzunguko wa kwanza aliusokota nusu nusu. Wa pili akausokota wote. Wa tatu mikono ilikwenda yenyewe, maana ni mikono ya kazi na kazi iliijua. Akaingiza kijiti kitanzini.

"Inauma?"

"Inauma. Endelea kushika."

Mulei aliinama akaweka vidole viwili juu ya unyayo wake, kama alivyokuwa akimwona Nalianya akifanya. Alisikiliza kwa vidole. Paliponyamaza aliinua uso akamtazama ndugu yake, na hapo Kitonga, kwa mazoea ya woga, akapeleka mkono kwenye kitanzi.

"Usifungue," Mulei akasema polepole. "Ngoja mpaka mimi niseme."

Kitonga akangoja. Hakuhesabu. Mama mmoja, Mutindi, mteja wa kila siku, alikuwa amefika kwenye vitunguu, akachagua fungu, akatazama huku na huku akitafuta mwenyewe.

"Haya," Mulei akasema. "Sasa fungua."

Kitonga alikifungua kijiti mzunguko mmoja, kisha wa pili, kisha mshipi wote ukalegea. Damu ilirudi na joto lake, ikishuka gotini, ikishuka kwenye kifundo, mpaka vidole vitano vikawa vyekundu na kuanza kuwashwa. Mulei akavichezesha. Kitonga akaushika unyayo ule kwa mikono yote miwili, akaona unapiga, na hakuuachilia.

"Mulei, hivi vitunguu ni vya nani leo?" Mutindi akaita.

"Ngoja kidogo, mama," Mulei akajibu. "Ndugu yangu bado ameshika mguu wangu."